Karoti za Shella, Saladi ya Sabaki

Zuhura mwanangu,

Umetoka sasa hivi na kanga yangu mabegani kwenda kuwaaga shangazi zako, nami nakujua, ukifika huko hutoki mapema, maana kila mmoja atataka ule kwake. Kwa hivyo nina alasiri hii yote. Babako yuko shambani anamwagilia. Begi lako limefungwa, liko mlangoni, na kila nikipita naligusa kama kwamba ni mtu. Nimekaa upande wa kivuli na kalamu yako uliyoisahau mezani.

Habari za blanketi, soksi, baridi ya Nakuru, kufunga mlango wa chumba chako cha chuoni na kutopokea chakula cha mtu usiyemjua garini, umekwisha kuambiwa na kila aliyepita hapa wiki hii. Mimi siongezi. Nataka nikujibu lile swali lako la juzi.

Ulikuwa umekaa kati ya babako na simu. Babako anakwambia utafute ndoo kuukuu, utie udongo, upande japo miche michache ya saladi mlangoni pako, usikae bila majani mabichi. Bibi yako kwenye simu anapiga kelele kutoka Shella kwamba Nakuru ndiko karoti zinakotoka, ule karoti, usidanganywe na majani. Ukacheka ukasema, "Kila mtu kwetu ana mboga yake!" Kisha ukanigeukia: "Haya Mama, sema wewe. Iliyo bora ni ipi, karoti au saladi?"

Nikasema wali unaungua, nikaingia jikoni. Wali haukuwa ukiungua.

Swali hilo liliwahi kuulizwa katika nyumba hii kabla wewe hujajua kusema, na almanusura litutenganishe mimi na babako. Hujawahi kusimuliwa vizuri. Umesikia tu wajomba zako wakikuita Bi Karoti, ukadhani ni kwa sababu ulipokuwa mdogo ulizipenda. Hukuzipenda. Hukuwa na la kufanya, ulikuwa huna meno.

Nianze na bibi yako, kwa sababu nisipoanza naye utamwona mbaya, na si mbaya. Mamangu, Bi Rukia, ni mwanamke wa mjini. Amezaliwa Shella, ameolewa Shella, na kwake yeye Malindi inaishia sokoni. Ng'ambo ya hapo ni safari. Babako alipoleta posa, mamangu aliuliza jambo moja tu.

"Analima nini?"

"Saladi," nikasema. "Yale majani mapana yanayoliwa mabichi. Anapeleka hotelini."

Akaniangalia. "Muhogo naujua. Mahindi nayajua. Saladi nayo ni ukulima?"

Hata hivyo niliolewa. Nikaja huku Sabaki, kwenye nyumba hii, wakati huo ikiwa vyumba viwili na jiko la nje. Babako alikuwa amejenga kivuli cha makuti juu ya matuta yake, kwa sababu saladi na jua la kwetu hazipatani. Jua likizidi, mche hupanda juu, hutoa maua, na majani huwa machungu. Alfajiri alikuwa anakata, anaambua majani ya nje yale ya kijani kibichi, anabakisha moyo wa ndani uliofungamana, mweupe mweupe. Hotelini walitaka moyo. Majani ya nje yalibaki nyumbani, na sisi tukayala.

Nilipokuwa na mimba yako nilikuwa sishikiki. Harufu ya samaki, natapika. Harufu ya nazi, natapika. Kilichokaa tumboni kilikuwa yale majani, na ndimu, na chumvi, na kipande cha mkate. Babako akawa ananichumia asubuhi, ananiosheia kwa maji ya kuchemsha yaliyopoa, ananiletea kwenye sahani akiwa amesimama mlangoni, asije akaniletea na harufu yake ya mbolea. Nakwambia haya ili ujue kwamba nilikuwa nayajua yale majani. Sikuwa na sababu ya kuyageuka.

Ukazaliwa. Ukafika umri wa kuanza chakula, na mamangu akaja na kikapu.

"Karoti," akasema. "Mtoto ale karoti. Macho."

Alizichemsha mwenyewe, akaziponda, akazichuja, akakulisha kwa kijiko kidogo huku akikuimbia. Ulipanua mdomo kama kinda. Siku alizokuja zilikuwa za karoti, siku zingine nilikupondea viazi nikatia majani ya babako, yaliyopikwa kidogo na kukatwa hadi yakawa kama unga. Ulikula vyote. Hapakuwa na ugomvi wowote.

Ugomvi uliingia siku mamangu alipofika mapema akamkuta babako anaambua majani. Akasimama kumwangalia. Moyo ukaingia kwenye kreti, jani la nje likaingia kwenye karai letu.

Akanifuata jikoni. "Kwa hivyo kizuri kinakwenda kwa wageni, na mjukuu wangu analishwa kilichotupwa?"

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejibu. Alisema kwa huzuni, kama mtu aliyeona bintiye amefika mahali asipotarajia, na ile huzuni ikaniingia. Nikaona aibu. Siku hiyohiyo nikaacha kukutilia majani. Karoti zikawa za kila siku, na mamangu alipoona zinaliwa, bila kujua kwamba majani nimeyaacha, akaniletea zaidi. Kikapu hakikuisha. Asubuhi karoti, mchana karoti, jioni karoti na viazi, na viazi vyenyewe vichache.

Babako si mtu wa maneno, lakini si kipofu. Zikapita siku kadhaa. Halafu jioni moja akauliza, "Majani yangu yamefanya nini?"

"Hayana kitu," nikasema. "Ni maji tu."

"Nani kasema?"

"Hakuna wa kusema, mtu anaona mwenyewe. Karoti ukiikata unaiona rangi yake, unauonja utamu wake. Hayo yako ukiyaweka sufuriani yanapotea."

Akaniangalia. "Na wewe ulipokuwa na mimba ulikula nini?"

Niliona ananihesabia wema. Leo naona alikuwa anauliza tu. Lakini siku ile tulilala kila mmoja amegeukia ukuta wake, na kesho yake asubuhi karai la majani lilikuwa tupu. Alikuwa ameyapeleka kwa mbuzi wa jirani.

Baada ya hapo ndipo yakatokea ya kutokea. Nilikuwa nakuogesha hapa nje, jua limechomoza vizuri, nikakufungua kiganja nikusugue. Kiganja kilikuwa cha manjano. Nikadhani ni uchafu, nikasugua. Nikafungua cha pili. Nikatazama nyayo, nikatazama ncha ya pua yako. Zuhura, kote rangi ilikuwa ileile. Wewe ulikuwa unapiga maji kwa mkono na kucheka, na mimi nilikuwa nimeshika mguu wako wa manjano.

Babako alikuwa amekwenda kupeleka mzigo hotelini. Nikampigia mamangu. Sijui hata alipanda nini, alifika kabla maji ya karai hayajapoa. Akakutazama, akajipiga kifuani.

"Ugonjwa wa manjano! Ini la mtoto! Ni yale majani. Yale majani ya maji ya mto!"

Unaujua mto wetu ulivyo mwekundu ukileta maji ya bara. Ukiuona hivyo, ni rahisi kuamini lolote juu yake. Akachukua nguo zako, akachukua zangu, akanishika mkono. Mimi nilikuwa mtu mzima, mke wa mtu, mama wa mtoto, na nilifuata kama msichana aliyeitwa kutoka mchezoni.

Jioni babako alikuja Shella. Mlango wa mamangu ulikuwa wazi, mimi nimekaa ndani nimekupakata, namwona na yeye ananiona.

"Shikamoo, mama."

Mamangu hakuitikia. Wewe umelelewa pwani, unajua maana ya salamu ile kuachwa hewani.

"Mwanangu ana nini?" akauliza.

"Umemlisha majani ya mtoni, halafu mimi ndiye unayeniuliza?"

Babako akanitazama. Hakumtazama mamangu, alinitazama mimi. Nami nilijua kwamba hujala jani hata moja tangu mwezi uliopita. Ilikuwa ni sentensi moja tu. Mama, mtoto hali majani siku hizi. Hata pumzi haihitaji. Nikainamisha kichwa nikajifanya nakufunika.

Akaweka fungu la saladi juu ya baraza, akasema, "Nitakuja kesho," akaondoka.

Akaja kesho, na kesho kutwa. Kila akija alijibiwa kwamba mtoto amelala. Hakuna aliyemwambia kama umepata nafuu au umezidi. Nami niliyekuwa ndani niliambiwa nitulie, mtoto yuko mikononi mwa watu wanaojua. Mamangu alikuogesha kwa majani ya dawa, akakuotesha jua la asubuhi, akakuombea. Na ili upate nguvu za kupambana na ugonjwa, akakulisha. Unajua alikulisha nini.

Basi ukazidi. Manjano ikapanda hadi mashavuni. Mamangu akawa halali, akilia kwenye mswala, akitoka hapo anakwenda sokoni kutafuta karoti zilizo nzuri zaidi. Na wewe hukuwa na habari ya ugonjwa wako. Ulitambaa, ulivuta pazia, ulicheka na kila aliyeingia kukutazama kwa huruma.

Hilo ndilo lililoanza kunitia wasiwasi wa namna nyingine. Nikakuleta karibu na taa nikakufunua jicho. Jeupe kama maziwa. Nikafunua la pili. Jeupe. Nilikumbuka mzee mmoja jirani yetu aliyekufa kwa ini. Macho yake ndiyo yaliyotangulia kugeuka. Nikasema moyoni, huyu hana kile tunachomtibu. Nikasema pia moyoni, na babake hana kosa tulilompa. La pili nilikuwa nalijua tangu siku ya kwanza.

Asubuhi nikamwambia mamangu, "Naenda hospitali."

"Tutakwenda pamoja," akasema.

"Na babake atakuja."

"Aje afanye nini?"

"Aje aulizwe. Kama sisi tutakavyoulizwa." Nikakufunga mgongoni. "Mama, mtoto hajala majani tangu mwezi ule. Mimi niliyaacha ulipoyasema vibaya. Kama kuna chakula kilichomdhuru, basi si cha mume wangu Hamisi."

Mamangu akakaa kitandani. Sikumpa nafasi ya kunijibu, kwa sababu nilikuwa najua nikingoja nitanyamaza tena. Nikampigia babako.

Daktari alikuwa binti mdogo, Kiswahili chake cha bara, mikono yake baridi. Akatazama viganja vyako, akafunua macho, akauliza rangi ya mkojo na ya choo. Kisha akauliza, "Anakula nini?"

Sisi watatu tulikuwa tumepangana kwenye benchi.

"Chakula kizuri," mamangu akasema.

"Kipi?"

"Karoti."

"Na nini kingine?"

Mamangu akafikiri. "Karoti."

"Kiasi gani, mama?"

Bibi yako akaonyesha kwa mikono. Daktari akauma mdomo, akajikaza asicheke, lakini alishindwa. "Mama yangu, ini la mtoto huyu silioni na tatizo. Tutapima damu tuwe na uhakika. Lakini ninavyomuona, huyu ni karoti tu. Ile rangi imemjaa mpaka imetokea nje kwenye ngozi. Ingekuwa ini, macho yangekuwa ya manjano pia."

Babako aliinamisha uso wake kwenye viganja. Nilidhani analia. Nikaona mabega yanacheka, halafu nikaona kwamba analia pia.

Damu ilipimwa, na ilikuwa salama, alhamdulillahi. Lakini kabla ya majibu mamangu alikwisha kuuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kwa hivyo karoti ni sumu?"

"Hapana, mama. Ni nzuri sana. Hiyo rangi yake ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na ni kweli inasaidia macho. Ina nguvu kidogo pia, ndiyo maana ni tamu. Ila mtoto haishi kwa kitu kimoja."

Na hapo ndipo babako akauliza, "Na saladi, daktari? Ni maji tu?"

Nikatazama sakafu.

"Maji ni mengi, ndiyo. Mtu hawezi kushiba saladi. Ukilinganisha kwa nguvu na utamu, karoti inaishinda. Lakini jani lina yake. Lina ile vitamini inayosaidia damu kuganda kwenye kidonda, ambayo karoti haina nyingi. Lina zile foliki tunazowapa wajawazito kwa vidonge." Akasita. "Jani gani lakini? La ndani jeupe au la nje la kijani?"

"La nje. La ndani nauza."

"Basi umebaki na lililo bora. Kadiri jani lilivyo kijani ndivyo lilivyo na kitu. Hata ile rangi ya karoti imo humo, kijani kimeifunika tu isionekane."

Nilimsikia babako akivuta pumzi. Daktari akaendelea kutuambia kwamba vyote viwili vinataka mafuta kidogo ili mwili uvipate vizuri, na kwamba wewe unahitaji samaki, yai, kunde, ndizi, na hakuna mboga ya kuyafanya hayo yote peke yake. Wakati huo mamangu hakuwa anasikiliza tena.

Tulipotoka nje kungoja majibu ya damu, akaketi karibu na babako, si karibu nami. Akasema, akitazama mbele, "Nilikuwa na ndugu yangu, Fatuma. Tulikuwa wadogo. Jua likizama alikuwa haoni. Anapapasa ukuta. Tulimcheka, sisi watoto, tulidhani anacheza. Jioni moja akaingia motoni pale mama alipokuwa anapika." Akaiweka vizuri shela yake. "Aliishi. Mguu haukupona. Baadaye daktari akasema ni chakula, alikosa vya macho. Akasema karoti, akasema papai, akasema na vingine. Mimi nilishika karoti."

Zuhura, mimi ni mwanawe, na sikuwa nimelijua hilo. Bi Fatuma nilimkuta akichechemea, nikadhani alizaliwa hivyo. Babako akasema tu, "Pole sana, mama." Wakakaa hivyo, na wewe katikati yao unavuta shela ya bibi yako.

Nilirudi Sabaki kesho yake, na mamangu akasema atanisindikiza. Babako alikuwa kwenye matuta, magoti kwenye udongo. Akasimama, akapangusa mikono. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mamangu akaitikia, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani.

Hakuomba radhi. Bibi yako hajui njia ya kuomba radhi, labda hakufundishwa. Alikwenda hadi kwenye tuta, akatazama chini ya makuti, akasema, "Hebu nipe hayo majani yako nionje."

Babako akachuma jani la nje, akaliosha kwa maji safi mara mbili, akalikamulia ndimu, akanyunyiza chumvi. Mamangu akalitafuna lote. Tukamtazama.

"Yana maji," akasema.

"Ndiyo, mama," babako akasema. "Na leo kuna jua."

Akacheka. Mamangu alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya buibui, akanyoosha mkono kuomba jani la pili.

Rangi yako ilikaa miezi kabla ya kutoka yote. Tuliendelea kukupa karoti, mara moja moja, pamoja na majani na kunde na samaki wa kuponda. Majirani walikuwa wanauliza mbona mtoto ana viganja vya mchele wa bizari, na mamangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu, "Ni bibi yake!"

Miaka mingi baadaye nilimuuliza babako kwa nini hakuwahi kuniuliza juu ya ile jioni niliyoinamisha kichwa. Tulikuwa tunafunga miche, wewe uko shule. Akasema, "Nilikuwa na hasira nawe. Sana. Siku moja nilirudi usiku nikitaka kuingia nimchukue mtoto kwa nguvu. Nikachungulia dirishani, nikakuona umemweka karibu na taa, unamfunua macho, unayatazama. Nikaona bado unafikiri. Nikaenda zangu."

Zuhura, huko uendako utakutana na watu watakaokutazama na kusema kwamba mlichonacho kwenu ni maji tu. Watasema juu ya lafudhi yako, juu ya Sabaki, juu ya babako. Wengine hawatasema kwa ukali, watasema kwa huruma, na hiyo ndiyo itakayokuchoma. Sikwambii ugombane nao. Nakwambia tu kwamba mimi nilikuwa naujua ukweli wa ndani ya nyumba yangu na nikauacha kwa sababu ya sura ya huzuni ya mtu ninayempenda. Na nilipousema mwisho, dunia haikupinduka. Mamangu alikaa kitandani, basi.

Utakutana pia na watu wanaokupenda, na kila mmoja atakuwa na karoti yake. Atakulisha hiyo hiyo, asubuhi na jioni, kwa nia safi kabisa. Uliza aliona nini alipokuwa mdogo. Huenda kuna Fatuma.

Hata mimi ninayo. Unajua nilivyopinga Nakuru. Nilisema mbali, nilisema baridi, nilisema kuna vyuo Kilifi hapa, uje nyumbani kila Ijumaa. Ulidhani ni babako aliyenibembeleza nikakubali. Siye. Ni bibi yako. Alinipigia simu akasema, "Wewe nilikufungia ndani na mtoto wako, ukaona nilichomfanya. Sasa unataka kumfungia na wewe? Mwache aende akale vya huko." Halafu akaongeza, kwa kuwa ni yeye, "Na karoti za huko ni nzuri."

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Ukitaka kulinganisha, karoti ina vya macho zaidi, ina utamu, inakaa muda mrefu bila kuharibika, na chumbani kwako itakufaa siku huna muda. Saladi haitakushibisha, na ikilala inalegea, lakini ina vya damu, na kwenye joto hakuna kinachonipoza kama hiyo. Chagua jani la kijani, usivutwe na moyo mweupe. Tia mafuta kidogo. Na ule na vitu vingine, mwanangu. Ikiwa siku moja utashindwa kuamua, kula kilichopo, ukitoka hapo unipigie unieleze kilikuwa kitamu kiasi gani.

Nasikia babako anarudisha ndoo. Asubuhi atabeba begi lako hadi stendi, atakuwekea garini, na hatasema kitu. Usimlazimishe. Jana aliniuliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, gari linachukua muda gani kufika Nakuru. Nikamwambia. Baada ya chai akaniuliza tena.

Ukifika, mpigie yeye kwanza, usinipigie mimi. Nitakuwa nimekaa karibu naye, nitasikia.

Mamako